Mwaka wa Kombi ya Bwana Jayanti

Wiki iliyopita nilikaa kwenye mkeka wa watu nikamsifu mtu niliyemchukia. Ilikuwa hitima ya fundi Shomari, huko Mbagala alikohamia uzeeni. Binti yake mkubwa ndiye aliyenipigia simu, akasema, "Shikamoo mama, baba ametutoka. Wewe ndiye mwanamke wa kwanza kufanya kazi chini yake, tunaomba useme mawili matatu upande wa akina mama." Nikaenda na khanga yangu begani, nikasema kwamba marehemu alikuwa mkali lakini wa haki, kwamba alinifundisha kazi, Mungu amweke pema. Wakaitikia amina, pilau ikaletwa, nikala. Kumsifu maiti ni adabu wala siombi radhi kwa hilo. Lakini wakati nanawa mikono, binti yule akanisogelea na birika akaniambia taratibu, "Unajua mama, baba hakuwahi kukutaja kwa ubaya hata siku moja." Nikashindwa kumtazama. Shomari alikuwa na jambo la kusema juu yangu, la kweli, lenye kuharibu jina la mtu, na amekaa nalo mpaka kaburini. Sasa amelala, na mimi sina miaka mingi ya kulificha, basi nitalisema mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kutoka chuo cha ufundi, katikati ya miaka ya sabini, wakati sabuni ilipangiwa foleni na redio ilituhimiza kutwa nzima tujitegemee. Karakana ilikuwa kwenye uchochoro unaotokea Mtaa wa Msimbazi, mbele duka la vipuri, nyuma uwanja wa saruji uliojaa mafuta na betri za kila umri. Mwenye mali alikuwa Mzee Elia, mtu wa Machame, ambaye hakujua tofauti ya koili na kopo lakini alijua nani ana shida ya nini na yuko tayari kusubiri mpaka lini. Fundi mkuu wa umeme alikuwa Shomari. Ili nitambuliwe kuwa fundi nilitakiwa kumaliza mwaka mzima chini ya fundi mzoefu, halafu yeye athibitishe kwenye fomu yangu kwamba nimeiva. Fomu hiyo niliiweka chini ya godoro, ndani ya mfuko wa nailoni, katika chumba nilichopanga kwa watu karibu na soko. Chumba chenye dirisha linalotazama choo cha jirani, ambamo nilikula ugali na dagaa siku tano na siku mbili nikala kumbukumbu ya nyama. Kila nilipotandika kitanda niliinua godoro kuhakikisha fomu ipo. Mzee Elia alikwishaniambia kwamba mwaka ukiisha bila fomu kujazwa ataniweka kaunta niuze balbu. Sikusoma umeme miaka mitatu, binti peke yangu darasani, ili niuze balbu.

Shomari hakunitaka tangu siku ya kwanza. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, na kila asubuhi alitazama spana yake. Mtu asiyekulia hapa anaweza kudhani hilo ni dogo. Mkubwa akikunyima marahaba mbele ya watu, amekuambia hukulelewa au hupo. Alinikalisha miezi mitatu kwenye kazi ya kujaza maji ya betri, maji ya mvua tuliyokinga kwenye mapipa, na asidi ikanitoboa magauni mawili. Aliamini nimeletwa na ukoo. "Wachaga wameanza kuleta dada zao," alisema, akihakikisha nasikia. Mimi na Mzee Elia hatukuwa na undugu wowote zaidi ya kuuona mlima mmoja. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Mlima wenu mkubwa, unawatosha wote."

Na kulikuwa na jambo la rangi nyekundu. Shomari alijifunzia kazi kwenye magari ya zamani ya Kiingereza, malori na Landrova zile ambazo chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi ya gari. Kutokana na hapo alijiwekea desturi, na desturi yake ikawa sheria ya karakana: waya wa kwenda kwenye bodi unapakwa rangi nyekundu. Alikuwa na kopo lake la rangi na kijiti. Ukiona nyekundu, peleka kwenye bodi, usiulize. Sasa chuoni sisi tulifundishwa kwamba nyekundu ni chanya, na magari mapya ya Kijerumani na Kijapani yote yanafunga hasi kwenye bodi. Nililisema hilo wiki ya kwanza, kwa kiherehere cha mtu aliyetoka darasani juzi. Shomari akaniuliza mbele ya mafundi wanne kama huko chuoni walinifundisha na kupika. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kwa haki yake niseme kwamba hayo magari mapya aliyajua, na sikuwahi kumwona akikosea betri ya mtu. Ila mikono yake ilikuwa imezoea miaka ishirini, na mikono haisomi upya.

Baada ya masika ndipo ikaja Kombi ya Bwana Jayanti. Huyu alikuwa Mhindi wa makamo, muuza vitambaa, mwenye nyumba ya ghorofa upande wa Kisutu, mpole kiasi cha kukuudhi. Alitaka kitu ambacho karakana ilikuwa haijawahi kukifanya: Kombi iwe na betri ya pili, ya kukaa chini ya kitanda cha nyuma, ijazwe na injini gari likitembea na iendeshe friji ndogo gari likisimama, bila kuigusa betri ya kuwashia. Friji ilikuwa ya umeme wa nyumbani. Kwa hiyo alikuwa na kisanduku cha chuma chenye mapezi mgongoni, cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani. Siku hizi kila kibanda kina inveta, lakini wakati ule mimi nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Mpwa wake alikibeba kutoka ng'ambo ndani ya sanduku la nguo. Pesa za kigeni hazikupatikana, na kuagiza kingine isingewezekana. Mafundi walicheka gari la kulalia. Watu wanatafuta sukari, wakasema, Mhindi anataka kulala na friji porini. Mmoja alinong'ona kwamba huyo anajiandaa kutoroka nchi, na wengine wakakubali kwa vichwa kana kwamba wamemwona mpakani.

Hakuwa anatoroka. Mke wake, Mama Kusum, alikuwa na ugonjwa wa sukari, wa sindano kila siku, na dawa ile daktari wake alimwambia ikae kwenye baridi, asithubutu kusafiri nayo kwenye joto. Binti yao Kusum aliolewa Moshi na alikuwa mjamzito. Kwao mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti, lakini Kusum alikatazwa kusafiri, basi mama akaapa kwamba ataifuata yeye hiyo mimba. Safari ile kwa barabara za wakati ule ilikuwa ya kulala njiani, na wao hawali nyama wala hawalali gesti. Haya yote Mama Kusum aliniambia mwenyewe, uani kwao, kwa sababu kazi ya mwisho tuliimalizia kule. Bwana Jayanti aliogopa kuacha friji karakana. Kila saa saba Mama Kusum aliteremka ngazi na sahani mbili, wali na dengu na ndimu ya kuloweka, na chai ndani ya vikombe vya bati vilivyokaa dirishani nje, vyetu sisi, visivyoingia ndani. Shomari alikunywa na kushukuru. Mimi nilikunywa nikakiona kikombe. Lakini pia alikuwa mtu pekee mjini mwaka ule aliyeniuliza kama nimeshiba, na alisubiri jibu. Sikujua nimweke upande gani, nikawa namjibu kwa mkato.

Kazi niliifanya mimi, na hili silisemi kwa kujisifu. Shomari alikuwa na mgongo mbaya, na kisanduku kile kilikuwa na maelezo ya Kiingereza ambayo hakuweza kuyasoma na asingeniomba nimsomee. Akawa anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akitoa amri, na mimi nikafanya nilivyoona sawa. Nilipitisha nyaya chini ya sakafu, nikafunga relei ya kutenganisha betri mbili, nikaweka fyuzi, nikatengeneza kiti cha mbao cha betri isicheze kwenye mashimo. Siku ya nne alipitisha kidole juu ya kazi yangu yote bila kusema kitu. Kwake hiyo ilikuwa sifa, na mimi mjinga nikalala usiku ule nikiwaza kwamba fomu imekwisha. Kesho yake nilikuwa nyuma ya ukuta wa mabati pale karakana natafuta boliti, wao wakiwa upande wa pili wanakula muhogo. Mpaka rangi wa karakana akamuuliza, "Vipi yule binti, anaweza?" Shomari akatafuna kwanza. "Anaweza," akasema. "Lakini yule akipewa karatasi, mimi naenda soko la Feri kupaa samaki." Wakacheka. Kisha akaongeza, "Na mwanamke ananuka asidi, ataolewa na nani, na betri?"

Niliumia, na hasira ya maneno yale naisikia mpaka leo, mimi mwanamke wa miaka sabini na ushee niliyeolewa na kuzaa na kuzika mume. Angesema siwezi, ningevumilia, ningesema hajui. Alisema naweza na bado hanipi. Nilitoka pale na boliti mkononi nikatembea mpaka Kisutu kwa miguu, jua la mchana, sikumwamkia mtu.

Siku hiyohiyo tulikuwa tumalize, na Shomari akanikuta huko. Mama Kusum alikwishaiandaa Kombi yake kwa dini yao: alama ya rangi ya ibada mbele ya kioo, shada la maua ya njano kwenye usukani, na nazi ya kuvunja mbele ya gurudumu mambo yakiwa tayari. Alisimama mlangoni na sinia, kavaa sari ya safari. Bwana Jayanti alikuwa anafunga magodoro. Kilichobaki kilikuwa nyaya mbili za kisanduku, moja nyekundu na moja nyeusi, zilivyotoka kiwandani, na boliti mbili za kuzifunga. Nikaichukua spana. Shomari akaninyang'anya. "Mwisho wa kazi anafunga fundi," akasema. "Shika tochi."

Akalala kifudifudi, kichwa chini ya kitanda, mgongo ukimuuma nasikia anavyopumua. Nikapiga magoti pembeni nikammulikia. Akazipapasa zile nyaya mbili, akaitoa nyekundu, na mkono wake ukaanza kwenda kwenye boliti ya bodi. Niliona mara moja. Ile Kombi ilikuwa ya Kijerumani, bodi yake hasi. Nyekundu ya kisanduku ilikuwa chanya, na ikifungwa kwenye bodi kisanduku kitaungua. Ilikuwa ni kusema "Mzee, hiyo ni chanya," basi. Nilikuwa na muda. Kufunga boliti kwa mtu mwenye mgongo mbaya kunachukua muda mrefu, nati ilimponyoka mara moja akaitafuta sakafuni, na mimi nikamsogezea mwanga aione. Nilikuwa nawaza: acha wamwone. Acha Mzee Elia aone, acha wale wa muhogo waone, nani anafaa kwenda kupaa samaki. Mama Kusum sikumuwaza kabisa, ingawa alikuwa hatua tano kutoka mgongoni kwangu na nilisikia bangili zake. Shomari akafunga na nyeusi, akajitoa, akaniambia, "Washa."

Nikawasha mimi. Kulitoka mlio mdogo, kama mtu amekanyaga gamba la konokono, kisha harufu, kisha moshi mwembamba kwenye matundu ya kisanduku. Shomari akainama tena, akatazama, na nikamwona anavyoelewa. Aligusa waya mwekundu kwa kidole kimoja na kukiondoa. Bwana Jayanti akauliza kama kitatengenezeka. Nilijua hakitatengenezeka, vile vipande vya ndani haviuzwi Kariakoo wala popote tunapoweza kufika, lakini nilinyamaza tena, maana nilikwishazoea. Mama Kusum akaitazama ile nazi kwenye sinia, akageuka, akapanda nayo ngazi.

Mzee Elia alikuja jioni hiyo na uso wa msiba. "Nani kafunga?" Swali hilo nilikuwa nalisubiri. Nilikuwa nimejiandaa Shomari aseme ni binti, na mimi nimjibu mbele ya wote, na hotuba yangu nilikuwa nayo tayari. Shomari akasema, "Nimefunga mimi. Nimekosea." Ile hotuba ikabaki tumboni ikichacha. Mzee Elia, ambaye kwa muda alikuwa anatafuta sababu ya kumpunguza mzee mwenye mgongo mbaya, akaipata, na mwisho wa wiki Shomari akaambiwa apumzike.

Nilimfuata na fomu siku anakusanya vifaa vyake kwenye gunia. Mtu ataniuliza nilikuwa na uso gani. Nilikuwa na uso wa mtu anayeogopa kuuza balbu. Nikasema, "Shikamoo, mzee. Kabla hujaondoka, naomba unisainie." Akaipokea ile karatasi, akaishika mbali kidogo na macho, akaitazama kama anayesoma. Kisha akanirudishia.

"Mimi kuandika najua jina langu tu," akasema. "Hapo siliweki."

"Kwa sababu mimi mwanamke?"

"Nilidhani hivyo na mimi." Akaendelea kupanga spana. "Nimelala nikawaza nimekosea wapi. Nikakumbuka taa. Taa ulishika wewe. Nati iliponiponyoka ukanionyesha ilipo. Mkono wako haukutikisika hata kidogo, binti."

Angesema kwa ukali ningempandishia sauti, lakini alisema kama anayeeleza hitilafu ya gari. "Mtu asiyejua nitamsainia, atajifunza," akasema. "Wewe unajua. Uliona, ukaniacha, na yule mama yuko mlangoni." Akafunga gunia kwa kamba. "Kwa Mzee Elia sitasema, kosa la kufunga ni langu. Lakini karatasi sikupi."

Na karatasi akanipa Mzee Elia, maana fundi mkuu hakuwapo tena, akaitia sahihi kaunta huku akibishana na mteja juu ya plagi, bila kuisoma. Ndivyo nilivyokuwa fundi: kwa mkono wa mtu wa kwetu asiyejua waya, sawasawa na Shomari alivyotabiri nilipofika. Nimefunga umeme katika mji huu miaka arobaini. Nimefundisha mabinti, nikapigwa picha nao. Kwa miaka mingi nilisimulia habari ya mzee mmoja mwenye kijicho aliyekataa kunisainia kwa kuwa nilikuwa mwanamke, na kila mtu alinihurumia, na sehemu ya kwanza ya habari hiyo ilikuwa ya kweli vya kutosha kuibeba iliyobaki. Kunionea alinionea. Marahaba yangu alininyima mwaka mzima. Nikimkumbuka anavyotafuna muhogo damu inanichemka bado, na sioni kama kufa kwake kumebadili hilo.

Miezi miwili baadaye Bwana Jayanti aliniita nikafungue nyaya zote, maana Kombi wanaiuza. Safari haikuwapo. Mama Kusum aliteremka na chai kwenye kile kikombe cha bati, akakaa kwenye ngazi akinitazama ninavyovuta nyaya nilizozipitisha mwenyewe. Akaniuliza yule mzee yuko wapi. Nikasema ameachishwa.

"Kwa sababu ya sisi?"

"Kwa sababu alikosea," nikasema, na hata macho sikuinua.

Kisha akapanda juu, akakaa huko muda, nikasikia harufu ya samli. Wakati ule unga wa ngano ulikuwa wa kunong'onezana, ukiupata hutaji umeupata wapi. Aliporudi alikuwa na chapati nne ndani ya kitambaa, bado za moto. "Mpelekee mzee," akasema. "Mwambie Kusum amejifungua, mtoto wa kike, wote wazima. Mwambie asikae na mawazo, mimi nitamwona tu mtoto, hata akishatembea. Utamwambia?"

Nikasema nitamwambia. Nyumba ya Shomari niliijua, ilikuwa njiani kwangu, nyumba ya tatu ukitoka bombani, na nilipofika kwenye kona nikamwona amekaa barazani na fulana, mikono juu ya magoti, hana cha kufanya. Hakuniona. Nikarudi nyuma ya ukuta wa duka lililofungwa, nikafungua kile kitambaa, nikazila zote nne nimesimama, ya mwisho ikiwa imeshapoa, na ule ujumbe sikumpelekea kamwe, mpaka amezikwa.